Kupiga Picha za Ndege wa Pwani Malindi: Mwongozo wa Msimu wa Kaskazi

Ukitaka picha za maana za ndege wa pwani yetu, anza kwa kuuliza leo mwezi ngapi, yaani siku ya ngapi tangu mwezi uandame. Kamera ifuate baadaye. Wageni wanaotua hori la Mida na mlango wa mto Sabaki kila mwaka kutoka Siberia na kaskazini mwa Ulaya hawaendi kwa saa ya ukutani, wanakwenda na maji. Maji yakipwa wanatawanyika kwenye matope mpaka unaona vidoa tu, na hapo hata lenzi ya bei ya pikipiki haikusaidii kitu. Maji yakijaa, matope yanapungua, nao wanarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea nchi kavu. Kama umeshakaa mahali pake, wanakujia wenyewe.

Haya ninayoyaandika ni ya mtu wa Malindi, Gede, Watamu au Mambrui mwenye kamera ya kawaida, na hata yule mwenye simu nisingemwacha nyuma.

1. Jua wanakuja lini

Wa kwanza hufika Agosti, kusi likiwa bado linavuma. Wengi wako hapa kuanzia Oktoba mpaka Machi, na kufikia mwanzo wa Mei karibu wote wameshaondoka. Wanaobaki ni wachanga ambao mwaka huo hawajafikia umri wa kuzaa.

Ndani ya miezi hiyo si wakati wote ni sawa kwa picha. Kuanzia Novemba hadi Februari vitwitwi, wale ndege wadogo wa ukingo wa maji, wengi wamevaa kijivu, na anayeanza atawaona wote ni wale wale. Mwisho wa Machi mpaka Aprili mambo hubadilika: kitwitwi mwenye mdomo uliopinda chini, yule anayezaliana kwenye nyika za baridi kali za Siberia, huanza kuwa mwekundu kama tofali kuanzia kifuani. Utamkuta mmoja amekolea, jirani yake ana mabaka, wa tatu bado kijivu, na wote wanadokoa tope lile lile. Mimi ningeambiwa nichague wiki mbili tu za mwaka mzima, ningechagua za mwanzo wa Aprili, ingawa mawingu ya mvua za masika yanaweza kukuharibia siku.

2. Chagua siku kwa mwezi, kisha saa kwa maji

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo vumilia maelezo.

Bamvua, yaani maji makubwa, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na nguvu zake huonekana zaidi siku moja au mbili baadaye. Kwenye pwani yetu maji ya bamvua hujaa saa kumi na kitu, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Bamvua kubwa hupandisha maji karibu mita 4. Maji mafu, yaani karibu na mwezi nane na mwezi ishirini na mbili, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi kati ya saa nne na saa tano, na hayapandi sana. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Ratiba kamili ya bandari ya Kilindini, Mombasa, hutolewa na Mamlaka ya Bandari, na programu za simu nazo zinatosha. Ila kumbuka kwamba ndani ya hori maji huchelewa nyuma ya bahari kuu, kwa hiyo saa uliyoisoma usiichukue kama amri.

Sasa weka hayo pamoja na jua. Malindi jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili kasoro kidogo na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta hupanda wima. Mwanga laini wa asubuhi unakwisha upesi. Ikifika saa tatu mchanga umeshapata moto, hewa inacheza, na mazigazi yanaanza kuyumbisha kila kilicho mbali. Picha iliyopigwa kupitia hewa hiyo haitengenezeki kwa programu yoyote.

Kwa hiyo zipo nafasi tatu. Ya kwanza ni asubuhi ya bamvua: maji yalijaa usiku, jua likitoka yanapwa, na tope la kwanza kufunuka ni lile lililo karibu na nchi kavu. Ndege wametoka kulala na njaa, wanashuka hapo hapo. Ya pili ni alasiri ya bamvua, hasa mwezi kumi na sita mpaka kumi na nane: maji yanajaa kuelekea saa kumi na moja, jua linalainika, na ndege wanabanwa kwenye kipande kidogo cha mchanga. Hiyo ndiyo nafasi bora kuliko zote. Ya tatu ni asubuhi ya maji mafu, maji yakipanda polepole. Ndege hawabanwi sana, lakini unapata muda mrefu wa kufanya kazi bila haraka, na anayejifunza ningemwanzishia hapo.

Mchana wa bamvua, maji yamepwa na jua liko utosini, kaa nyumbani ule.

3. Mida au Sabaki?

Mida ni rahisi zaidi. Kutoka Malindi panda matatu ya kwenda Mombasa, upite Gede, ushuke Mida. Ni kilomita 20 na ushei. Kuna njia ya mbao iliyoning'inizwa juu ya mikoko, na mwisho wake kuna kibanda cha kuangalizia ndege kinachotazama matope. Ada ya kuingia huingia kwenye mfuko wa karo za watoto wa sekondari wanaoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa hiyo lipa bila kunung'unika. Ukiwa upande huu wa barabara kuu, alasiri jua liko mgongoni mwako na ndege wako mbele.

Mida ndiko kwa yule ndege mla kaa, Dromas ardeola kwa jina la kisayansi. Mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, na mdomo mweusi mnene kupita kiasi kwa kichwa chake. Hana ndugu: katika ukoo wake yuko peke yake duniani. Huzaliana kwenye mashimo anayochimba mchangani huko Bahari ya Shamu, Somalia na Ghuba, halafu anakuja kwetu na mwanawe. Mtazame kwa makini. Anakimbia hatua chache, anasimama kama amesahau alichotaka, kichwa kimeinama kidogo, kisha anachupa na kumnyakua kaa. Nyuma yake mara nyingi kuna kijana mwenye mgongo wa kijivu, anapiga kelele za kuomba bila kuchoka. Mzazi huendelea kumlisha hata huku, miezi kadhaa baada ya kutoka shimoni. Ukipata picha ya wawili hao kaa akiwa katikati, umepata kitu ambacho wengi hawana.

Maji yakijaa kabisa Mida, sululu (ndege wa matope mwenye mdomo mrefu uliopinda chini) na wenzake wengine hupanda juu ya mikoko na kulala huko, miguu mirefu imeshika matawi. Ni picha ya ajabu, nayo huhitaji kukanyaga tope hata kidogo.

Sabaki iko kaskazini ya mji, kilomita kama 5, pale mto Galana, ambao huku chini huitwa Sabaki, unapoingia baharini na maji kuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Tuktuk itakufikisha karibu na daraja, kutoka hapo unatembea kufuata mto mpaka mlangoni. Uwanja ni mpana na mafungu ya mchanga yanahama kila mwaka, kwa hiyo ramani ya mwaka jana isikuongoze. Heroe wapo, shakwe na buabua wanapumzika kwa makundi makubwa kwenye ncha ya mchanga, na vitwitwi wanajaa kando ya maji. Viboko pia wapo, na mamba. Usivuke mto kwa miguu, usikae kwenye majani marefu ya ukingoni jua likizama, na kama hupajui nenda na kijana wa pale anayeongoza watu. Mpe chake, maana anajua ndege wako upande gani leo.

Yapo pia mashamba ya chumvi ya Gongoni na Kurawa, ambako ndege wengi hukimbilia maji yakijaa baharini. Ni mali za watu. Bila ruhusa langoni usiingie.

4. Vifaa, kwa kifupi

Lenzi ya milimita 400 inatosha. Ya 300 inawezekana ukiwa na subira, na ya 600 ni raha ukiwa na mtu wa kukusaidia kubeba. Stendi ya miguu mitatu ina kazi kibandani Mida, lakini Sabaki kwenye mchanga inachosha. Mfuko mdogo wa kitambaa uliojazwa mchele au maharage unaweka lenzi imara chini kabisa, nao ni bei rahisi. Kofia, maji ya kunywa, kanga au kikoi chakavu cha kulalia, viatu vya zamani vinavyofungwa miguuni. Ndara tope la Mida litazimeza.

Mwenye simu: usihangaike kukuza kwa vidole. Weka kamera ya simu kwenye tundu la darubini, tuliza viwiko juu ya ubao wa kibanda, na utashangaa. Au piga picha pana za kundi zima angani, mikoko chini na mawingu juu. Kuna picha za aina hiyo zilizopigwa kwa simu ambazo ningezitundika ukutani kabla ya zangu za lenzi.

5. Kuweka kamera

Kwa ndege anayetembea, kasi ya shata (mlango wa kamera unaofunguka kuingiza mwanga) isipungue 1/1000 ya sekunde. Wanaoruka, 1/2000 na kwenda juu. Vitwitwi wana mbawa za haraka mno. Uwazi wa lenzi f/5.6 kwa ndege mmoja, f/8 kwa kundi. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijiweke yenyewe, ukiiwekea mpaka unaoukubali. Fokasi iwe ile inayomfuata kiumbe anayesonga, na shata iwe ya picha mfululizo, lakini usikandamize kidole kama unayemwaga risasi: milipuko mifupi inatosha, na utashukuru usiku ukichagua.

Shida kubwa ya hapa ni weupe. Mla kaa ni mweupe mno na tope la Mida likiwa limelowa ni jeusi. Kamera ikipima lile tope itadhani mahali ni giza, itaongeza mwanga, na manyoya ya kifua yatageuka karatasi tupu isiyo na hata mstari. Punguza fidia ya mwanga (alama ya +/- kwenye kamera) kwa theluthi mbili hadi hatua nzima, piga moja, itazame, kisha endelea. Kwenye mchanga mkavu wa Sabaki mambo ni kinyume: mchanga unang'aa, kamera inapunguza mwanga, na kitwitwi wa kijivu anatoka mweusi. Hapo ongeza kidogo. Usiiamini picha ya nyuma ya kamera juani, angalia histogramu, ule mchoro unaoonyesha giza kushoto na weupe kulia. Mlima wake ukigonga ukuta wa kulia, weupe umepotea. Piga kwa faili ghafi (RAW) kama kamera inaweza.

6. Upepo ndio unaoamua uso wa ndege

Hili huwa silioni likielezwa. Ndege wa pwani husimama wakielekea upepo, kwa sababu ukivuma kwa nyuma unawafumua manyoya, na pia huruka wakielekea upepo. Msimu wa kaskazi upepo unatoka kati ya kaskazini na mashariki. Kwa hiyo alasiri, ukiweka jua la magharibi mgongoni kama vitabu vinavyosema, utapata mikia mitupu. Sogea upande wa kaskazini magharibi yao. Mwanga utawapiga ubavuni, macho yatapata nuru, na utawaona kutoka ubavuni, mdomo wote ukionekana. Asubuhi ni rahisi zaidi: ukikaa upande wa bahari yao, jua liko nyuma yako na ndege wako ubavu. Ndiyo maana asubuhi ya bamvua Sabaki, ukiwa kwenye ncha ya mchanga, ni tamu namna ile. Angalia tu maji yakirudi kujaa yasikuzunguke nyuma maana fungu la mchanga lina mabonde.

7. Kaa chini

Fika muda wa saa moja na nusu kabla ya maji kujaa. Tazama mstari wa taka na majani makavu ulioachwa na maji ya jana, hapo ndipo yatakapofika leo au karibu yake. Ukimkuta mvuvi, msalimie kwanza. Ukimwamkia mzee "Shikamoo" na kumuuliza "Leo maji yatafika wapi?" atakuonyesha mchu (aina ya mkoko) fulani kwa kidole, na habari yake itakuwa sahihi kuliko ya simu yako.

Kaa au lala hatua chache nyuma ya mstari huo, lenzi ikiwa usawa wa jicho la ndege. Urefu huu wa chini ndio unaotenganisha picha ya ndege na picha ya tope lenye ndege ndani yake: ukiwa chini, nyuma ya ndege panakuwa mbali na laini, na kivuli chake kinalala majini mbele yake. Kisha tulia. Dakika ishirini za kwanza hazina kitu. Baadaye vitwitwi wadogo kabisa, wenye uzito wa gramu ishirini na kitu tu, wanaanza kupita mbele yako wakidokoa, karibu hata lenzi ishindwe kulenga.

Wasikilize sululu. Ndiye mlinzi wa wote. Akipiga filimbi zake za mfululizo, saba au karibu na hapo, kundi zima linaweza kuruka. Kabla ya hapo dalili zipo: vichwa vinainuka kwa pamoja, waliokuwa wanakula wanaacha, waliolala kwa mguu mmoja wanaweka wa pili chini. Ukiona hivyo usisogee; kama ulikuwa unasogea, rudi nyuma.

Usiwarushe kwa makusudi ili upate picha ya kundi angani. Nasema kwa ukali kwa sababu naona watu wakilipa vijana wakimbie kuelekea kundi. Machi na Aprili ndege hawa wanajaza mafuta ya safari ya maelfu ya kilomita, na kila kurushwa kunakula akiba hiyo. Maji yakiwa yamejaa hawana hata pa kutua pengine. Mwewe au kozi atawarusha mwenyewe ukisubiri, na hapo kundi hujikunja na kujifungua, matumbo meupe yanametameta kwa pamoja, picha ambayo kijana anayekimbia hawezi kukuletea. Droni nayo acha: inahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, Mida iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, na ndege wanaiona kama mwewe.

Na wale wanaochokoa kaa au kutega samaki matopeni si mapambo ya picha yako. Piga hodi, omba, na ukikataliwa geuza lenzi.

8. Chumvi na mchanga

Kaskazi hupeperusha mchanga laini. Usibadilishe lenzi ufukweni hata kwa sekunde moja. Ukifika nyumbani pangusa mwili wa kamera na lenzi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi (yasiyo ya chumvi) na kukamuliwa, kisha kikavu. Kioo cha mbele kipulizie kwanza kabla ya kukigusa. Miguu ya stendi ifungue yote uisuuze.

9. Ukiona pete mguuni

Baadhi ya ndege wa Mida wamevishwa pete au kibendera kidogo mguuni na watafiti, na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya pale Watamu ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Picha yako inaweza kueleza ndege yule ametoka wapi na ameishi miaka mingapi, hata kama kwa uzuri haina lolote. Ukiona pete, sahau jicho na mwanga, piga miguu. Miguu yote miwili, kwa sababu kutokuwa na pete mguu wa pili nako ni habari. Andika ni mguu wa kulia au wa kushoto wa ndege mwenyewe, juu au chini ya goti, rangi, na herufi au namba ukiweza kuzisoma. Ongeza tarehe, saa na mahali, kisha wapelekee faili asili, usiikate wala kuipaka rangi, maana mara nyingi namba iliyofifia husomeka kwenye ile ambayo haijaguswa.